Hodi Kwenye Waya

Giza lilikuwa linaanza kuingia Evodia alipotoka dukani na betri mkononi. Alitembea polepole makusudi. Ile kompyuta ya watoto ya kujifunzia hakuitaka nyumbani kwake, hata kama ingekuwa ya dhahabu.

Ilikuwa ya marehemu Debora, mtoto wa wifi yake Cecilia. Debora alikuja kwao Area C, mjini Dodoma, likizo ya Juni, akashikwa na malaria, akafia mikononi mwao. Siku ya kuanua matanga kule Kibakwe, vitu vya mtoto vilipogawiwa, Cecilia alimpa Ruthu, binti wa Evodia, ile mashine. Kisha akamsogelea Evodia sikioni.

"Mwanangu alilala kwako. Wako naye atalala kwangu."

Evodia alimwogopa tangu siku hiyo, maana Ruthu ndiye mtoto wake pekee. Octavian, mumewe, alicheka tu. Tangu anunue kompyuta chakavu kwenye mnada wa ofisini kwao, alijiona fundi wa mji mzima. Sasa alikuwa ametengeneza waya wa kuunganisha mashine hizo mbili, ili Ruthu apate masomo mapya.

Evodia alimkuta mtoto ameshapanda kwenye stuli. Octavian akatia betri kwenye mashine ya Debora, akachomeka waya.

Ti... ti... ti...

Kimya.

Kisha harufu. Udongo mbichi, kama uliochimbuliwa sasa hivi... na Dodoma, Septemba ile, mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi. Kwenye kioo cha kompyuta kubwa herufi zikatokea, moja moja.

HODI

Ruthu hakuwa amegusa kitu.

Aliyelelewa na watu anajua kwamba hodi ya magharibi haiitikiwi kabla hujamjua mwenyewe. Evodia akamshika mumewe bega. "Usijibu," alinong'ona. "Uliza kwanza ni nani."

HODI

Lakini Octavian alikulia nyumba isiyokauka wageni, na mazoea yana taabu yake. Vidole vilitangulia akili. Akaandika KARIBU.

Ruthu alishusha pumzi ndefu, kichwa kikalala kifuani.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Cecilia, na kanga yake ya msibani, miguu imejaa vumbi, kandambili za mtoto mkononi. Hakuna aliyemwita. Octavian alimuuliza dada yake amefikaje saa hizo kutoka Kibakwe, naye hata hakumtazama.

"Nimemfuata mwanangu," alisema taratibu. "Mmemkaribisha wenyewe. Sikuvunja mlango wa mtu."

Octavian aliung'oa waya kwa pupa. Haikusaidia kitu. Mtoto alifumbua macho, akamtazama Evodia kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba.

"Shikamoo, anti. Asanteni kwa likizo."

Akanyoosha mikono kwa Cecilia.

Evodia alimrukia mtoto, akamkumbatia, akagoma kumwachia. Cecilia hakugombana. Aliziweka kandambili kizingitini, akasema atasubiri, akaondoka.

Wamekwenda kanisani. Wamekwenda kwa waganga mpaka Chemba. Mmoja aliwaambia mtoto wao yuko hai, ila hakujua ni wapi, na wengine hawakutaka hata kuingia ndani. Mtoto huyu anakula, anakwenda shule, anamwamkia Evodia kila asubuhi bila kukosea. Homa ikimpata ndipo hulilia mama. Evodia hukimbia chumbani, roho mkononi, na mtoto akimwona anaingia, hugeukia ukutani na kulia zaidi.