Ndoo ya Kituo cha Saba

Tope lilikataa kukauka. Ndoo ilikaa wazi siku arobaini na moja chini ya meza ya maabara, mbele ya dirisha lenye jua kali, na bado tope lilimetameta kana kwamba limechotwa asubuhi hiyo.

Mwenye ndoo alikuwa mjane. Kazi yake ilikuwa kuhesabu viumbe wa sakafu ya maji pale mto unapoingia baharini, ijulikane kama sakafu ni nzima au inakufa. Boti ilishusha taya za chuma katika vituo kumi, zikauma tope, tope likachekechwa, na viumbe waliobaki kwenye chekeche wakatiwa kwenye chupa ya spiriti. Yeye aliwahesabu kwa hadubini: minyoo, kome, kaa wadogo kama punje za mtama. Kila kituo kiliacha chupa moja stoo, ikae miaka mitano. Tope lililosalia lilirudishwa palepale, kwa bismillahi. Hilo halikuandikwa popote. Mumewe, nahodha wa boti, ndiye aliyewazoesha wenzake botini.

"Tumebisha hodi nyumbani kwa watu," alikuwa akisema. "Tusiondoke na udongo wao."

Kisha nahodha akazama kituo cha saba, na mwili haukuonekana. Ndoo ya tope la siku ile ilibaki ndani ya boti. Mjane akaichukua. Hakuwa na kaburi la kuzuru; akawa na ndoo.

Siku ya arobaini na mbili, baada ya sala ya alasiri, harufu ya mayai mabovu, ambayo ndiyo ya tope lile, ilitoweka. Ikaja harufu ya dizeli na sabuni ya kufulia. Harufu ya shati la mumewe. Halafu ndoo ikagongwa kwa ndani: ko, ko, ko. Hivyo ndivyo nahodha alivyogonga ubavu wa boti kumjulisha kwamba nanga imeshika.

"Mama Hadubini."

Hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

"Abee," akajibu, na machozi yakamtoka.

"Hesabu imefika ngapi?"

"Mia mbili na sita."

"Usije ukanihesabu na mimi humo." Ulikuwa utani wake, na kicheko kilikuwa chake. "Nasikia baridi. Nipe mkono."

Alimpa kidole. Kesho yake akampa kiganja, na siku ya tatu akazamisha mkono mpaka kiwiko, ingawa ndoo ile haikuwa na kina cha kiwiko, na huko chini kitu kikamshika vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayehesabu.

Shemeji yake, kaka wa marehemu, ndiye aliyeendesha boti sasa. Aliingia na chupa mpya, akamkuta hivyo.

"Shemeji," alinong'ona, "hiyo ndoo ya wapi?"

"Ya saba. Anaongea."

Hakucheka. Alikaa chini sakafuni. "Na mimi ningependa awe yeye. Tumenyonya ziwa moja. Lakini mwambie atoe shahada. Mdogo wangu aliitamka hata usingizini."

Mjane akainamia ndoo. "Mume wangu, toa shahada."

"Baridi, Mama Hadubini."

"Itoe."

"La ilaha illa..." Sauti ikakoma. "Illa... illa..." ikarudia, mara nyembamba, mara nzito, mara sauti nyingi kwa pamoja, na tope likaanza kutokota bila moto, likipanda mpaka ukingoni, na mkono uliokuwa umemshika ukavuta, ukavuta, hadi shavu lake likagusa bati la ndoo na shemeji akamkumbatia kiunoni akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti iliyokatikakatika.

Uliachia.

Waliipeleka ndoo kituo cha saba maji yakiwa yametulia. Mjane akaiinamisha.

"Unanizika mara ya pili?" tope lililia.

"Mume wangu sijamzika hata mara moja," alisema. "Wewe si yeye. Bismillahi."

Likazama. Jioni ile walimswalia maiti asiyekuwepo, sala ambayo mjane alikuwa akiikataa tangu msiba. Alilala usingizi wa kweli.

Wiki iliyofuata alipeleka chupa mpya stoo. Rafuni ilikuwapo chupa ya kituo cha saba, ya siku ile ile nahodha alipozama, na lebo kwa mwandiko wake mwenyewe. Walikuwa wameisahau wote wawili.

Ko, ko, ko. Kwenye kioo.

"Shemeji!" kaka wa marehemu aliita kutoka nje. "Kuna nafasi humo?"

Angeweza kumwambia. Boti ilikuwa tayari, na kituo hakikuwa mbali.

"Ipo," akajibu. "Kila kitu kiko sawa."

Alifunga mlango, akauning'iniza ufunguo shingoni, ndani ya nguo. Usiku aliswali isha. Ufunguo ulikuwa baridi, umelowa. Alipofika kwenye shahada alitamka polepole, kama alivyofundishwa utotoni, mpaka kwenye "illa", na hapo ulimi ukamgomea.