Tairi Lililogusa Bati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kadii alichota maji ndoo moja, akaiosha pikapu ya babake. Mzee Mwambire aliwabebea watu nazi na korosho kutoka mashambani hadi mjini Kilifi, na mtaa mzima wa Kibarani ulilijua gari lake kwa mngurumo tu. Kadii alilipenda gari lile, ila jambo moja lilimchoma: magurudumu yalikuwa membamba mno. Watoto wenzake walipoliona walipiga kelele, "Kuku huyo! Kuku na miguu yake!" Kadii alijifanya hasikii, huku masikio yakimwaka moto.

Basi siku moja Kioko, fundi rafiki ya babake, alileta rimu na matairi mapana yaliyotoka kwenye gari kubwa zaidi. Yalipofungwa, pikapu ilisimama kifua mbele kama jogoo.

"Haya, nani kuku sasa?" Kadii aliwatambia wenzake.

Lakini Kioko alimwonya babake. "Mzee, haya ni makubwa kuliko yale ya kwanza. Likibeba mzigo, bodi itashuka iyaguse. Usitoke mjini kabla hujajaribu."

Jumamosi iliyofuata, kwaya ya shule, aliyokuwamo Kadii, ilikuwa ikienda mashindanoni Malindi, na Mzee Mwambire ndiye aliyeombwa kuwapeleka. Watoto walipokwisha kupanda nyuma pale shuleni, alipaka chaki kwenye ukingo wa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu.

"Inama hapo, mwanangu," alimwambia Kadii. "Nitazungusha usukani mpaka mwisho. Chaki ikihamia kwenye tairi, jua lagusa. Hapo turudishe yale ya zamani, hata tukichelewa."

Kadii akainama. Usukani ukazungushwa, na mstari mweupe ukajichora kwenye tairi jeusi. Akainua macho. Juu, wenzake walikuwa wakichungulia. Akaiwaza ile miguu ya kuku ikirudishwa mbele ya kwaya nzima. Akaufuta mstari kwa kiganja.

"Lagusa?" babake aliuliza.

"Haligusi, baba."

Walipopita Matsangoni, harufu ya mpira unaoungua ilianza kupanda. Kadii aliisikia kabla ya wote. Akajikunyata, akaimba kwa nguvu zaidi. Kisha, kwenye kona, tairi likapasuka kwa kishindo. Gari likayumba, likatoka barabarani, likasimama mchangani, karibu kabisa na shimo la kuchimbia mawe. Hakuna aliyeumia, lakini watoto wadogo waliangua kilio.

"Ni Garama huyu!" Hannah, mmoja wa wanakwaya, akasema wakishuka, akimwonyesha kidole mwenzao mnene. "Mtu mzito kama gunia la korosho, tairi lingestahimili vipi?"

"Sima yote ya Kibarani imo tumboni mwake!" mwingine akadakia. Wakacheka, kicheko cha watu waliotoka kuogopa.

Garama hakucheka. Alilitazama lile tairi, kisha akamwendea Mzee Mwambire. "Samahani, mzee. Mkipata jingine, niacheni mimi. Nitatembea."

Kadii alitamani mchanga upasuke umfiche. Mwenzake alikuwa akiomba msamaha kwa kosa lisilo lake.

Akasimama mbele ya wenzake. Akapaza sauti: "Si Garama! Ni mimi. Tairi liligusa tangu shuleni. Niliiona chaki nikaifuta."

Wote wakamgeukia. Babake hakumkaripia. Aliinamisha uso tu, na hilo likamuuma Kadii kuliko fimbo.

Baadaye lori la makuti lilisimama, dereva akakubali kuwafikisha wanakwaya Malindi. Kadii ndiye aliyekuwa aongoze wimbo wa pili.

"Mwalimu, mwache Hannah aongoze," alimwambia Mwalimu Jedida, msimamizi wa kwaya. "Mimi nitabaki na baba." Kisha akamshika Garama mkono. "Niwie radhi, ndugu yangu."

Garama akajikuna kichwa. "Nimekuwia radhi. Lakini ungenyamaza, ningetembea kweli, ati!"

Lori likaondoka. Mzee Mwambire akamtuma kondakta wa basi lililokuwa likienda Kilifi amwambie Kioko alete magurudumu ya zamani. Wakaketi kungoja.

"Nilifanya hivyo kwa kuogopa kuchekwa, baba," Kadii alisema.

"Kicheko hakipasui tairi, mwanangu." Babake akalipangusa mchanga tairi lililopasuka. "Mimi nikishika usukani siyaoni magurudumu. Leo macho yangu yalikuwa wewe. Nimewabeba watoto wa watu juu ya neno lako moja, na lile neno lilikuwa tupu. Uongo mdogo haujui kukaa mdogo."

Kadii alilia kimya kimya. Babake alimngoja amalize.

"Lakini ukweli umeusema mwenyewe, mbele za watu, na hakuna aliyekuuliza," akasema hatimaye. "Kwa hiyo nitakuuliza tena siku nyingine, nami nitakuamini. Haya, nishikie jeki."