Tangazo la Mhoja

Jirani yangu Rahel Mayige ni fundi cherehani hapa Bariadi. Mimi nauza vitenge fremu ya pili kutoka yake. Yaliyotokea ni ya familia yao, mimi yalinigusa mwishoni tu, lakini mpaka leo sijayazoea.

Mdogo wake, Januarius, anaandika tamthilia za upelelezi huko Dar es Salaam. Jumamosi mchana tulikuwa tunaangalia marudio kwa Rahel, na mama yao, Lukresia, aliyepooza mikono na aliyezoea kuniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, tunamweka mkekani pamoja nasi. Tulikuwa na mchezo wetu: kutafuta tangazo. Januarius alilificha katika kila tamthilia yake, ukutani mwa kituo cha polisi, nyuma ya bega la mpelelezi. ANATAFUTWA MHOJA. Tamthilia tatu, televisheni tatu tofauti, tangazo lilelile. Mashabiki mtandaoni walishangilia kwamba wapelelezi wote watatu wanaishi dunia moja.

Hawakujua kwamba Mhoja alikuwepo kweli. Alikuwa binti wa kwanza wa Lukresia, na ndiye aliyekuwa akimsuka nywele. Alipotea kule kwao Sapiwi akiwa na miaka kumi na miwili, msimu wa kuvuna pamba, na hakuna aliyethubutu kumwekea matanga.

"Janu anamkumbuka kwa namna yake," Rahel aliniambia. Basi tukawa tunalitafuta tangazo na kucheka.

Mwezi wa nane ikaanza tamthilia ya nne. Hii haikuwa ya Januarius. Kampuni nyingine, mwandishi mwingine. Tangazo lilikuwepo.

Rahel aliitafuta sehemu ile kwenye simu, akaisimamisha, akaikuza. Safari hii chini ya jina kulikuwa na maandishi madogo: *Ana mwanya. Alionekana mara ya mwisho Sapiwi, kisima cha nyuma ya ghala la pamba, akiwa na mdogo wake wa kiume.*

Mwanya aliujua. Habari ya kisima alikuwa hajawahi kuisikia.

Akampigia Januarius, mimi nikiwa pembeni.

"Janu, hili tangazo umewapa wewe?"

"Wale siwajui, dada. Sijampa mtu kitu."

"Limeandika ulikuwa naye kisimani."

Nikasikia mwanaume mtu mzima analia.

Alifika baada ya siku mbili. Chai hakuigusa. Alikaa kizingitini, akasema kwa sauti ndogo mama yake asisikie. Walikwenda kuchota maji. Mhoja aliinama kuiwahi kamba iliyomponyoka. Akaanguka. Yeye alikuwa na miaka sita, akaogopa kuchapwa. Akavuta mbao, akafunika kisima, akaenda nyumbani kusema dada amekwenda mnadani.

"Aliniita," akanong'ona. "Aliniita mpaka nikafika barabarani."

"Na haya matangazo yako?" Rahel aliuliza.

"Nilitaka mtu mwingine amtafute."

Rahel hakumtukana. Hakumgusa kabisa.

Kesho yake asubuhi walikwenda Sapiwi, wakamchukua mtendaji wa kijiji na wachimbaji wawili. Mimi nikabaki na mama. Hakuna aliyemwambia wamekwenda wapi.

Saa sita na nusu simu ikaita. Rahel alikuwa anahema.

"Zamda, mbao zilikuwa palepale. Zimeota majani juu. Kisima kikavu. Tumefika chini."

"Mmempata?"

"Ndoo ipo. Kamba ipo. Yeye hayupo."

"Hata mfupa?"

"Hata uzi wa nguo."

Nikafunga chumba cha mama kwa kufuli, ufunguo nikaweka mfukoni, nikaenda dukani kwangu kuswali adhuhuri. Dakika kumi. Sikukaa zaidi.

Niliporudi kufuli lilikuwa kama nilivyoliacha. Nikafungua.

Mama alikuwa mkekani. Shingo ameilaza upande, kama mtu aliyewekwa katikati ya magoti ya msusi. Nusu ya nywele zake zilikuwa timutimu, kama zilivyoamka.

Nusu nyingine ilikuwa imesukwa.

Mistari myembamba. Imenyooka. Inang'aa mafuta. Dirisha limefungwa kwa ndani. Chumbani hamna mtu.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama," nikanong'ona. "Nani kakusuka?"

Hakuinua shingo. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamtiririka.

"Usifunge mlango, mayu," akasema polepole. "Hajamaliza."