Ukurasa wa Mavazi

Kila siku kabla ya kwenda shule hufagia uwanja, huchota maji ndoo mbili, kisha hupiga pasi sare yangu: sketi ya bluu nzito, sweta la rangi hiyohiyo na ushungi mweupe. Alhamisi ile nilifanya yote hayo mbiombio, mpaka mama akaniuliza kama kuna mtu ananifukuza. Nilimwambia leo ndiyo leo. Mchana klabu yetu ya mazingira ingesoma mpango wa safari ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani mbele ya mwalimu mkuu na kamati ya shule. Mpango wenyewe niliuandika mimi, Nasra wa darasa la sita, kwa mkono wangu.

Sisi watoto wa Ushongo tunaishi jirani na hifadhi hiyo, lakini tembo tunamwona vitabuni tu. Wageni wanatoka nchi za mbali, wanalala kwenye hoteli za kijijini kwetu, asubuhi wanapanda magari kwenda kumtazama tembo, jioni wanarudi kutusimulia sisi wenyeji! Jambo hilo limeniudhi tangu nikiwa mdogo. Kwa hiyo Mwalimu Bertha, mlezi wa klabu, alipotangaza kwamba safari hii tutakwenda wanafunzi thelathini, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuomba kazi.

Kazi aliyonipa ni kuzungumza na Bwana Msafiri, mwongoza wageni ambaye angetutembeza. Kwa siku tatu, kila saa ya mapumziko, Mwalimu alinipa simu yake, naye akaendelea kusahihisha madaftari. Nilijaza karatasi tatu. Ya kwanza ilihusu muda: tufike getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa tembo hunywa maji bwawani mapema, na jua likipanda huingia vichakani. Ya tatu ilihusu chakula na maji ya kunywa. Ya pili ilihusu mavazi, na hiyo Bwana Msafiri aliirudia mara mbili.

"Andika vizuri, binti. Vaeni kaki, au rangi ya vumbi, au kijani kilichopauka. Bluu nzito na nyeusi zibaki nyumbani. Tutashuka kwenye gari tutembee kwa miguu mpaka bwawani, na njia ile ina mbung'o."

"Mbung'o ni mdudu gani?" niliuliza.

"Ni nzi mkubwa anayefyonza damu. Akikuuma utaruka. Wengine hubeba ugonjwa wa malale. Rangi hizo mbili ndizo zinazomvuta. Umeandika?"

"Nimeandika."

Basi Alhamisi ile, zikiwa zimebaki dakika chache kabla kamati haijaingia, Mwalimu Bertha akatuambia wanaklabu wote, "Mpango atausoma Yona. Nasra, mpe karatasi zako."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mwalimu, mbona nimeandika mimi!"

"Najua. Lakini kamati watauliza maswali, na wewe ukipingwa kidogo tu unawaka. Yona ana utulivu."

Wenzangu wakacheka. Walioongoza kucheka ni wale ninaokaa nao dawati moja. Damu ilinichemka, masikio yakawa ya moto. Yona alikuwa amehamia kijijini mwaka uliopita tu, baba yake alipopata kazi kwenye shamba la mkonge. Moyoni nilimwita "wa kuja", neno ambalo mama hataki kulisikia nyumbani kwetu, na nililirudia mara nyingi. Nipige simu mimi siku tatu, halafu sifa apewe yeye? Nilikwenda kwenye mkoba wangu, nikatoa karatasi ya kwanza na ya tatu. Ya pili niliikunja mara nne nikaitia mfukoni mwa sketi. Nilitaka aulizwe swali akose jibu, aumbuke mbele ya wazee. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Hakuumbuka. Alisoma vizuri, na hilo likaniudhi maradufu. Mwishoni mzazi mmoja akauliza watoto watavaa nini. Yona akapekua karatasi mbele na nyuma, kisha akanitazama. Mimi nikatazama dari. Kabla hajafumbua kinywa, Mwalimu Sabiri, mwalimu mkuu wetu, akayakata maneno.

"Wavae nini tena? Sare kamili, na sweta juu. Wanakwenda ugenini, waonekane wametoka shule."

Kamati ikapiga makofi. Tulipotoka nje, Yona alinifuata mpaka bombani.

"Nasra, yule Bwana hakusema lolote juu ya nguo?"

"Hakusema."

"Una hakika?"

"Miye kiziwi? Nimekwambia hakusema!"

Ijumaa nzima nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Mama aliniona nimenuna mbele ya sahani ya wali, akasema, "Weye Nasra, hasira hiyo utailea mpaka ikuote meno." Nilimjibu kwamba sina kitu. Nilijiambia nitasema Mwalimu akinitaka radhi kwanza. Mwalimu hakunitaka radhi, maana hata hakujua kwamba nimeumia. Usiku ukaingia na karatasi ikiwa bado mfukoni.

Jumamosi tuliondoka alfajiri kwa basi dogo la kukodi, tukiimba. Tulifika getini dakika tano kabla ya saa tuliyopangiwa. Bwana Msafiri alikuwa anatungoja, mtu mfupi mwenye kofia pana, darubini ikining'inia shingoni, na kando yake alisimama askari wa hifadhi mwenye bunduki.

"Shikamoo!" tulimwamkia kwa sauti moja.

"Marahaba," alijibu polepole. Macho yake yalikuwa kwenye masweta yetu. "Nani amewavika hivi?"

Hakungoja jibu. Alituongoza hatua chache mpaka kwenye mti uliokuwa umetundikwa kitambaa. Kilikuwa cha vipande viwili vilivyoshonwa pamoja, kimoja bluu nzito na kingine cheusi.

"Huu ni mtego wa mbung'o," alisema. "Umetiwa dawa. Mbung'o anaifuata rangi, anatua, anakufa. Hebu sogea hapa, kijana."

Alimvuta Yona akamsimamisha kando ya kitambaa. Sweta na mtego vilikuwa rangi moja. Watoto wakaanza kucheka, lakini yeye hakucheka.

"Mmeniletea mitego thelathini yenye damu ndani! Si kila mbung'o ana malale, lakini mimi sibahatishi na watoto wa watu. Nilisema kwenye simu, nikarudia. Kwa nguo hizi hashuki mtu hapa. Rudini nyumbani."

Kicheko kilikatika. Msichana mmoja wa darasa la tano akaanza kulia palepale. Mwalimu Bertha alimgeukia Yona, uso umemwiva.

"Yona, kama alisema, ukurasa wa mavazi uko wapi?"

"Sikupewa, Mwalimu. Nilimwuliza Nasra, akasema Bwana hakusema lolote."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?" Bwana Msafiri akafoka.

Hapo Mwalimu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinitetea.

"Yona, usimsingizie mwenzako! Nasra namjua. Kazi hii nilimpa yeye kwa sababu hasahau neno. Wewe umepoteza karatasi, sasa unatafuta wa kumtupia lawama. Kapande basini ukae na dereva. Hata tukiruhusiwa kuingia, wewe leo hushuki."

Yona hakulia. Wala hakumtazama Mwalimu, alinitazama mimi.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kama una hakika."

Si ndicho nilichokitaka? Yona kaumbuka mbele ya wote. Nilingoja furaha ije, haikuja hata chembe. Hasira yote niliyoilea kwa siku mbili iligeuka ikanielekea mwenyewe, na ilikuwa chungu kuliko nilipokuwa ninamkasirikia yeye. Nikatia mkono mfukoni.

"Mwalimu, karatasi hii hapa. Niliificha mimi. Yona hakupoteza kitu."

Sauti zikalipuka kila upande. "Nasra umetuulia safari!" "Mwone, na bado alikuwa anaimba kwenye basi!" Mwalimu Bertha aliikunjua karatasi, akaisoma mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri sana," alisema, na maneno hayo yaliniuma kuliko kofi. Kisha alimwendea Yona, akasema mbele yetu sote, "Mwanangu, nimekukosea. Niwie radhi."

Akamgeukia Bwana Msafiri, akamwuliza kama hakuna njia yoyote. Bwana Msafiri alivua kofia akajikuna. Masweta yavuliwe, alisema. Mashati na ushungi ni vyeupe, havina neno. Tatizo ni sketi na kaptura.

Mama Imakulata, aliyekuwa akiuza chai karibu na geti, alikuwa amesikia yote. "Kanga na vitenge vipo majumbani hapa kijijini," alisema. "Zitafutwe za rangi nyepesi. Lakini aliyeharibu atembee na mimi aziombe mwenyewe."

Ndivyo nilivyopita nyumba kwa nyumba asubuhi ile. Kwenye mlango wa kwanza niliamkia, nikasema tumesahau nguo zinazofaa. Mama Imakulata akanikatiza.

"Sema ulichokifanya, mwanangu. Ukidanganya tena, tunarudi mikono mitupu."

Nikasema. Niliyasema hayohayo kwenye milango tisa, na kila mlango mama mwenye nyumba alinitazama kutoka juu mpaka chini kabla ya kuingia ndani kutafuta. Wengine walinisonya. Nilirudi nimebeba mzigo mpaka kidevuni, jasho na machozi vimechanganyika. Wavulana walijifunga kanga za maua wakiwa wamefura kwa hasira, na hakuna aliyethubutu kumcheka mwenzake. Mpaka mtu wa mwisho amejifunga, saa mbili ilikuwa inakaribia.

Tulitembea kwa mstari, askari mbele na Bwana Msafiri nyuma. Tuliona twiga saba. Tuliona ngiri na watoto wake wakikimbia mikia juu. Mbung'o wachache walituzunguka wakaenda zao. Lakini bwawani hapakuwa na kitu ila matope yaliyovurugwa, na nyayo pana kuliko sinia la pilau.

Bwana Msafiri aliinama, akasogeza mgongo wa mkono karibu na rundo la kinyesi. "Bado kina joto," alisema. "Walikuwa hapa, tena wengi. Wameshaingia vichakani, na huko siwafuati na watoto."

Hakuna aliyenitukana. Walisimama tu wakizitazama zile nyayo. Afadhali wangenitukana.

Tulipokuwa njiani kurudi, Mwalimu Bertha alisimama katikati ya basi akatuambia kwamba Bwana Msafiri amekubali kutupokea tena muhula ujao. Akauliza nani ataandika mpango. Sauti ya Yona ikasikika kutoka kiti cha nyuma.

"Aandike Nasra. Na asome yeye mwenyewe. Mimi sisomi tena karatasi za mtu."

Hakutabasamu aliposema hivyo. Alinipa kile nilichokipigania, na sikuweza hata kunyanyua kichwa. Mwalimu alikuja akaketi karibu nami.

"Nilikuumiza Alhamisi," alisema. "Kukueleza mbele ya wenzako mpaka wakakucheka, halikuwa jambo jema, na kosa hilo ni langu. Hasira yako ilikuwa na sababu. Ungekuja ukaniambia, 'Mwalimu umenionea,' ningekusikiliza. Lakini maneno ya Bwana Msafiri hayakuwa mali yako, Nasra. Ulipewa uyafikishe kwa watoto thelathini. Mtu akikuudhi, mwendee yeye umwambie usoni. Usichukue haki ya watu wengine ukaifanya fimbo ya kumchapia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Jumatatu mstarini utasimama uyaeleze haya mbele ya shule nzima, kwa kinywa chako."

"Ndiyo, Mwalimu," nilijibu. "Na Yona? Atanisamehe?"

Mwalimu alitazama kiti cha nyuma, kisha akanitazama mimi.

"Hilo siwezi kukuahidi. Kazi yako ni kusema kweli, leo na kesho na keshokutwa. Kusamehe ni kazi yake, na ana haki ya kuchelewa."