Chumba Kimoja Kinanitosha

Mimi ni dobi wa hospitali. Nafua mashuka tangu alfajiri mpaka saa nane mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Nikifika nyumbani mgongo si wangu tena, na bado kuna ngazi za ghorofa tatu. Mume wangu ni mpaka rangi. Naye hurudi hoi, rangi mpaka kwenye nyusi. Tuna watoto wawili na chumba kimoja.

Jumamosi mume wangu huenda bwawani kuvua kitoweo. Lakini ukingoni kumejaa matete, na samaki wa maana wako katikati. Siku moja akasema, "Mke wangu, nahitaji mtumbwi."

"Utauweka wapi? Kichwani?"

"Ipo mitumbwi ya kujaza upepo. Ukimaliza kuvua unautoa upepo, unaukunja, unausukuma chini ya kitanda."

Akaenda dukani peke yake. Muuzaji akamwuliza, "Unataka wa chumba kimoja au wa vyumba vitatu?"

"Ndugu yangu, navua peke yangu," mume wangu akamjibu. "Chumba kimoja kinanitosha. Nyumbani tuko wanne na tunaenea."

Wakacheka wote wawili. Aliponisimulia nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda naye bwawani pamoja na watoto. Nilitaka kulala, lakini roho ilikataa. Akapiga kasia mpaka katikati. Akapata samaki mkubwa, akampandisha. Samaki akajirusha, ndoano ikachomoka, ikachoma ubavu wa mtumbwi. Nikasikia "fyuuu". Mtumbwi wote ukalegea kama shuka lililolowa, mume wangu akazama nao.

Wavuvi wawili waliokuwa karibu kwenye mtumbwi wa mbao walimvuta kwa mti mrefu. Alitoka anatapika maji. Watoto walilia. Mimi sikulia, maana nilikuwa na hasira na nilikuwa nimechoka.

Jirani yetu wa chini ni fundi wa kuziba matairi. Ni mwanamke, na mtaa mzima unamwita Mama Pancha. Mume wangu akampelekea mtumbwi autie kiraka.

"Kuziba naweza," Mama Pancha akasema. "Lakini huu haukufai, shemeji. Una chumba kimoja."

"Si niko peke yangu?"

Mama Pancha akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Dada, huyu alidhani chumba ni cha kulala?"

Mume wangu akaugeuza mtumbwi, akakitafuta hicho chumba.

"Chumba ni cha upepo," Mama Pancha akaeleza. "Mtumbwi wa chumba kimoja ukitoboka, upepo wote unatoka. Wa vyumba vitatu una ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sakafu, kila kimoja peke yake. Kimoja kikitoboka, viwili vinakubeba mpaka ukingoni."

"Ajali haina kinga," mume wangu akajitetea.

"Jaketi la kuelea lilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelikalia. Sakafu ilikuwa ngumu."

"Basi kinga ilikuwepo, shemeji. Umeikalia!"

Nilicheka mpaka mgongo ukauma zaidi.

Mwenye duka la mitumbwi alihitaji ukuta wake upakwe rangi. Mume wangu akaupaka, na ujira wake ukawa mtumbwi mwingine. Safari hii twende wote, nikasema, na Mama Pancha atangulie.

Dukani mume wangu akashika mmoja mrefu, mwembamba, unang'aa. "Huu unakwenda mbio!"

"Unakimbizana na nani?" Mama Pancha akauliza. "Bwawa dogo linataka mtumbwi mfupi na mpana. Mfupi unageuka kwenye matete. Mpana hauyumbi ukivuta samaki." Akabinya mpira kwa kidole. "Huu mwepesi mno, ni wa watoto kuchezea. Chukua ule mzito wenye kitambaa juu. Ndoano bado itauchoma ukizembea, kwa hiyo kila ndoano ichomekwe kwenye kizibo."

Akageuza mtumbwi, akatuonyesha pezi chini yake. Pezi ndilo linalouzuia kuzunguka upepo ukivuma. Kisha akasoma maandishi ubavuni. "Huu ndio uzito unaobeba. Jumlisha wewe, vifaa na samaki. Ukiikaribia namba hii, chukua mkubwa zaidi."

Mwishowe akamwomba muuzaji aujaze. Akapaka maji ya sabuni kwenye valvu, pale pa kujazia upepo, na kwenye maungio, kama afanyavyo kwa matairi. Hakuna povu lililotoka.

"Usiujaze kupita alama," akamwambia mume wangu. "Na usiuache juani umejaa. Upepo ukipata joto unatanuka, utapasua maungio. Ukimaliza, ukaushe ndipo uukunje. Na jaketi livaliwe."

"Nimekusikia, shemeji."

Wiki nyingi zimepita. Jumamosi iliyopita mume wangu aliingia mchana, samaki wanne mkononi, suruali imelowa upande mmoja. Akanigusa bega.

"Kisiki kimetoboa ubavu wa kushoto," akasema. "Nimerudi nimeinama kama mlevi, lakini nimefika. Mama Pancha anatia kiraka sasa hivi." Kisha akanitazama vizuri. "Kumbe ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

"Mimi niko majini, wewe umelala?"

"Usingizi mzito, baba," nikamwambia. Nikageukia ukutani, nikaendelea.