Santuri Iliyorudi Ikiwa Nzima Mno

Mwanga wa kisomamguso ulipopita juu ya santuri, Mzee Shilinde alijiona akicheza dansi.

Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la maabara, ndani ya mojawapo ya vilima vya mawe vya Mwanza, ambako siku hizo jiji lilikuwa limechimba ofisi zake kwenye miamba. Lakini pale katikati ya chumba alisimama yeye yule yule, kijana mwembamba kama ufito, mkono mmoja umeshika ile santuri ya Malampaka Jazz, ambayo hata wakati huo ilikuwa kuukuu, na mwingine umeshika kiuno cha Minza. Minza wa kwenye mwanga aliangua kicheko. Kicheko kikajaa chumba, na mzee wa watu akajikuta amevua kofia bila kujua anamvulia nani.

Minza wa kwenye benchi, mkewe, hakusikia kitu. Masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Aliutazama mdomo wake mwenyewe wa ujanani ukicheka, akamgeukia mumewe.

"Nacheka nini?"

Mzee akamwonyesha kwa mkono: mguu wa yule kijana juu ya mguu wa yule msichana. Alikuwa amemkanyaga.

Injinia Nyamizi, aliyekibuni chombo hicho, alikuwa ameona maajabu ya namna hiyo mara nyingi. Aliwaeleza wale wazee jinsi kinavyofanya kazi. Kila mkono unaoshika kitu huacha jasho, joto na mtetemo mdogo mno, na vyote hukaa kwenye ngozi ya kitu hicho kwa miaka. Kisomamguso hupitisha mwanga, hukusanya mabaki hayo, kisha hurudisha tukio lenyewe kwa sura na sauti. Makumbusho yote nchini yalikuwa nacho. Watoto wa shule walikwenda kutazama ngoma za kale zikipigwa na wapigaji waliokwisha kuzikwa, wakarudi nyumbani wakiwa kimya, jambo ambalo wazazi wao walilishukuru sana.

Wakusanyaji wa vitu vya kale nao walikipenda kwa sababu zao. Santuri tupu haikuwa na bei ya maana. Santuri yenye historia iliyosomwa ilikuwa mali. Mzee Shilinde aliinadi yake mtandaoni ili mkewe apandikizwe masikio mapya, na mtu aliyejiita Kundya akajitokeza haraka, tena bila kubembeleza bei. Usomaji wa Nyamizi ukafungwa kwa siri na kutumwa kwa mnunuzi peke yake, kama ilivyo sheria. Pesa zikawekwa kwa Mdhamini, ile akili isiyo na mwili inayokaa kati ya muuzaji na mnunuzi katika masoko yote ya mtandaoni. Ndege nyuki, ile isiyo na rubani, ikaichukua santuri ikaondoka nayo.

Siku chache baadaye santuri ikarudi, na pesa zikarudi kwa Kundya. Alidai ametumiwa bandia, na Mdhamini alipopima umri wa plastiki akakuta kweli imefyatuliwa juzijuzi. Jina la Mzee Shilinde likatiwa doa la utapeli, na hospitali ikamwondoa mkewe kwenye foleni.

Mzee alipanda tena kilimani akiwa na kifurushi kwapani. Nyamizi alipomwamkia, aliitikia kwa sauti ndogo, kisha akasema alilokuja kulisema.

"Mwanangu, mimi nimeingizwa mjini, hilo nakubali. Lakini kuitwa mwizi uzeeni siwezi."

Nyamizi aliisoma ile santuri. Kicheko cha Minza kikalipuka chumbani, safi kama siku ile ya kwanza, na kisomamguso kikatamka kwamba mguso ni wa kweli. Akamwita Mdhamini, na sauti ikajibu kwa upole wa mtu ambaye hajawahi kulala na njaa. Ilisema kwamba plastiki ni mpya na mguso unaonekana wa zamani. Basi ipo mashine inayofyatua hata mguso, na swali ni nani aliyeitumia. Aliyekuwa na santuri kabla ya wote ni mzee.

Jibu hilo lilimuudhi Nyamizi. Kwa ubishi tu, akaisoma tena.

Kicheko kilikuja kikiwa hafifu kidogo. Kijana Shilinde alikuwa na ukungu usoni.

Nyamizi aliuzima mwanga. Alimwomba mzee amsubiri, akaenda kabatini, akatoa mwiko wa marehemu mama yake. Huo ndio uliokuwa kitu cha kwanza kabisa kusomwa na kisomamguso. Siku ile mama yake alitokea jikoni akisonga ugali na kuimba, na Nyamizi akalia hadi wenzake wakamtoa nje. Tangu hapo alikuwa akiusoma kila alipomkumbuka. Kila mwaka sura ilififia kidogo, naye akalaumu lenzi, akabadilisha lenzi, akalaumu macho yake. Sasa aliuweka kwenye mwanga. Moshi ukaonekana, na ndani ya moshi hakukuwa na mtu.

Akaelewa. Kisomamguso hakikuwa kikisoma tu. Kila kilichosomwa, kililambwa kidogo. Alikuwa amemmaliza mama yake mwenyewe kwa kumtazama, na kote nchini watoto wa shule walikuwa wakifutiwa mababu zao huku wakipiga makofi. Alikaa chini palepale sakafuni.

Mzee Shilinde alimwinamia akamuuliza kama anaumwa. Nyamizi alimtazama na kujua kwamba akinyamaza, chombo chake kitabaki kuwa fahari ya taifa, na mzee huyu atakufa akiitwa tapeli. Akainuka.

"Mdhamini, sikiliza," alisema. "Santuri iliyosomwa hapa mara ya kwanza ilipungua. Haiwezi kurudi ikiwa nzima. Hii imerudi nzima, kwa hiyo si ile. Imefyatuliwa kutokana na usomaji wangu, na usomaji huo alipewa Kundya peke yake."

"Unathibitisha kwamba chombo chako kinaharibu kinachokisoma?"

"Nathibitisha. Vyombo hivi vyote vizimwe."

Makumbusho yakafunga vyumba vyao wiki hiyo hiyo. Wapo waliomwita Nyamizi shujaa, na wapo waliomtukana. Kundya alikutwa na ghala lililojaa mali za watu aliowaliza kwa mtindo uleule. Pesa zikaenda kwa mzee kuwa fidia, jina lake likasafishwa, mkewe akarudishwa kwenye foleni, na santuri halisi ikarejeshwa kwake, kuukuu, imefifia kidogo. Bandia, kwa amri ya sheria, ilipaswa kuharibiwa mbele ya mashahidi, na kazi hiyo akapewa Nyamizi.

Tanuru lilikuwa limeshawaka aliposita. Sheria ilisema iharibiwe, haikusema kwa njia gani. Alimuuliza Mdhamini kama chombo kimoja kinaweza kuwashwa kwa mara ya mwisho. Mdhamini akaruhusu.

Wazee wakaketi kwenye benchi lile lile. Safari hii Bi Minza alikuwa na masikio mapya, bado na plasta nyuma yake. Mwanga ukapita. Magitaa ya Malampaka Jazz yakaingia, kutoka santuri nyingine iliyokuwa ikipigwa siku ile, na vijana wawili wakazunguka chumbani. Bi Minza alimshika mumewe mkono. Kijana Shilinde akakanyaga, Minza wa kwenye mwanga akaangua kicheko, na Bi Minza akakisikia.

"Ndivyo nilivyokuwa nikicheka?" aliuliza.

"Ndivyo unavyocheka," alisema mzee.

Naye akacheka. Vicheko viwili vikapanda pamoja. Nyamizi aliacha mwanga upite tena, na tena, vijana wakawa ukungu, magitaa yakawa mvumo, na kicheko kimoja kikafifia polepole ndani ya kingine hadi kikabaki kimoja tu, cha yule mama wa kwenye benchi.

Nyamizi akazima chombo.