Komeo la Nje

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwenye kikohozi akikohoe sasa akimalize. Atakayecheka katikati, nanyamaza papo hapo, na mtalala bila kujua nani alitoka na nani alibaki.

Palikuwa na chama cha watu waliopenda majumba ya kale ya mji wao. Mwalimu mstaafu, mshona nguo, fundi seremala, watu wa kawaida tu, wakijitolea siku za mapumziko kuziba nyufa na kupaka chokaa nyumba ambazo wenzao walitaka kuziangusha. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke, nao walimwita Mama Usiguse, maana ukinyoosha kidole tu kwenye ukuta wa zamani, ameshakukemea, "Usiguse!" Alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wakiwa wawili alimwita Kijiko, kwa sababu utotoni hakulala bila kijiko mkononi. Duniani hakuwa na mwingine.

Basi Bi Mkubwa mmoja, wa mwisho kuishi katika nyumba ya ukoo wake, akakipa chama nyumba hiyo. Ghorofani, mwisho wa ujia, palikuwa na chumba kisicho na dirisha, na komeo la mlango wake lilikuwa nje.

Fundi akacheka. "Hee! Hapa walikuwa wanafuga mkwe?"

"Huyo mkwe alikuwa mrefu," akasema yule mdogo mtu. "Tazama."

Kwa ndani mlango ulikuwa umekwaruzwa, juu kabisa, pasipofika mkono wa mtu. Chini ya mikwaruzo palikuwa na matundu manne ya skrubu, makuukuu.

Mama Usiguse aliyaona matundu tu. Sheria ya chama ilikuwa moja: kila kitu kirudi kilipokuwa mwanzo. "Komeo lilikuwa ndani hili. Lirudishe, Fundi."

"Lakini Bi Mkubwa alisema tusilisogeze."

"Bi Mkubwa alisema pia tumpakie bafu rangi ya waridi. Rudisha."

Fundi akarudisha.

Kesho yake mchana, jua likiwaka, wakakuta mlango umefungwa kwa ndani.

Fundi akagonga. "Dada, fungua, acha mzaha."

"Nifungue nini?" sauti ya mdogo mtu ikajibu kutoka uani. "Mimi niko huku nachanganya chokaa!" Akapanda ngazi, mikono myeupe hadi kwenye viwiko.

Wakatazamana. Chini ya mlango ilitoka harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Halafu komeo likaanza kusogea, polepole, kwa adabu, kama mwenyeji anayemfungulia mgeni aliyemngoja sana.

"Panya," akasema mdogo mtu.

"Panya anafungua komeo?" Fundi akanong'ona.

"Panya wa nyumba ya kale, amesoma." Akachukua tochi na utepe wa kupimia, akaingia kabla dada yake hajamshika nguo.

Mlango ukajifunga, kwa! Komeo likapita.

Mwanzo walimsikia akiita vipimo, mita tatu, mita tatu na nusu, kisha sauti yake ikasita, na nyingine ikaendelea kuita vipimo, mita nne, mita tisa, mita arobaini, sauti ileile yake lakini ikitokea juu darini, ikashuka ukutani, ikazunguka, ikaja mpaka nyuma ya ubao pale Mama Usiguse alipobandika sikio lake, ikapumua hapo, baridi, na mikwaruzo ikaanza.

"Vunja!" akalia. Yeye, aliyekataza watu kugusa maisha yake yote. "Vunja mlango, Fundi!"

"Usivunje!" Ni Bi Mkubwa, anapanda ngazi akihema. "Ukivunja, mtamzuia kwa kitu gani huyo? Mwite mwenzio, mama. Mwite kwa jina mnalolijua nyinyi wawili tu."

"Kijiko! Kijiko, njoo kwa dada!"

Komeo likafunguka. Akatoka mdogo mtu, anatabasamu. Dada yake akamkumbatia akilia kwa sauti, na Fundi hakungoja kuambiwa: aling'oa komeo, akalirudisha nje, skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akalisukuma likafunga. Alikuwa akikaza ya nne waliposikia kutoka ndani:

"Dada? Mbona unanifungia?"

Bisibisi ikamponyoka Fundi. Mama Usiguse akaunyoosha mkono kwenye komeo, na yule aliyetoka akaushika, kwa upole.

"Usiguse," akamwambia.

Mama Usiguse akautazama mkono uliomshika. Ulikuwa safi. Hauna chokaa, hata kwenye kucha.

"Usifungue, mama," Bi Mkubwa akasihi kwa sauti ya chini. "Hujui aliye ndani ni nani."

"Ni mtoto wangu," akasema. Akajinasua, akasukuma komeo, akaingia gizani mbio huku akiita Kijiko, Kijiko.

Mwenye mikono safi ndiye aliyeufunga mlango nyuma yake.

Fundi alipata nguvu za kufungua jua likielekea kuzama. Chumba kilikuwa kitupu, mita tatu kwa tatu na nusu. Ila nyuma ya mlango, juu kabisa pasipofika mtu, palikuwa na alama za viganja vya chokaa, na pembeni yake viganja vya mtu mwingine, visivyo na chokaa, vimechorwa kwa vumbi.

Bi Mkubwa alirithiwa na wajukuu wa dada yake, masanduku mawili na kiti cha kuegemea. Fundi alirithisha vifaa vyake kwa binti yake, isipokuwa bisibisi ile, aliyoitupa. Na kiti cha mwenyekiti alikirithi yule mdogo mtu aliyetoka, kwani si ndiye ndugu pekee? Anakiongoza chama vizuri mno. Majumba ya kale yanang'aa mtaa baada ya mtaa. Mafundi wanamsifu hana makuu, ana agizo moja tu, kila nyumba: makomeo yote yawekwe ndani.